Picha Mia Tatu za Mzee Mizani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja wa mita mbili na nusu juu ya matofali ya saruji, limeegemea ukuta wa kinyozi na linatazama duka la dawa ng'ambo ya barabara. Kinyozi ndiye Profesa. Chuo hakukiona hata dirishani, ila kila gazeti la kufungia nyembe zilizotumika hulisoma lote kabla ya kulitupa. Katikati ya benchi, kwa haki ya kiwiliwili na ya sauti, hukaa Injini, dereva wa lori aliyestaafu. Kahawa humiminwa na Shangazi, ambaye ni shangazi wa kila mtu, hata wa waliomzidi umri. Na saa tisa na nusu, zamu ikiisha, huvuka barabara binti wa dirisha la dawa, kamera shingoni. Wamempa jina la Subiri, kwa kuwa ndilo neno lake: subiri, mwanga, subiri, usitikisike, subiri, nibadilishe lenzi. Upande wa kushoto, mwisho kabisa wa ubao, alikuwa akikaa Mzee Mizani, fundi wa mizani za madukani. Wiki iliyopita walimzika. Leo saa kumi na moja bintiye anakuja kuchukua picha yake, na Subiri hana picha ya kumpa.

– Hebu rudia, mama, – alisema Injini. – Mwaka mzima umepiga picha hapa. Umepiga mpaka visigino vyangu. Mizani huna hata mmoja?

– Ninao mia tatu na kumi na mbili.

– Sasa kilio cha nini?

Subiri aliwasha kamera, akawainamishia kioo cha nyuma. Picha ya kwanza: kikombe, mvuke unapanda, ukingo umechongwa na jua kama kwa wembe. Nyuma ya kikombe, doa la kahawia lenye kofia. Ya pili: mkono wa Profesa na mashine ya kunyolea, vinyweleo unaweza kuvihesabu. Nyuma, doa lenye kofia. Ya tatu: tone la mvua kwenye spoku ya baiskeli. Doa.

– Huyu ndiye Mizani? – aliuliza Shangazi.

– Ndiye.

– Mbona kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji?

Subiri aliwaeleza polepole, kama anavyoeleza vidonge dirishani. Lenzi ya milimita hamsini, ukiifungua tundu lake lote, hutazama kitu kimoja tu. Hicho huchongoka; vingine vyote huyeyuka. Ndio uzuri wake, na yeye aliupenda uzuri huo kupita kiasi. Kutwa nzima kazini aliishi kwa hofu, akisoma jina la dawa mara tatu kabla ya kumkabidhi mgonjwa, kisha akimfuata mlangoni kusoma mara ya nne. Lakini akiweka jicho kwenye kamera, hofu ilikaa kimya. Povu la sabuni ya kinyozi, kivuli cha waya ukutani, sarafu kwenye kiganja cha Shangazi: dunia ilipungua ikawa kitu kimoja kidogo chenye mwanga, na hicho aliweza kukimudu. Na Mzee Mizani, mtu mpole, kila alipoiona kamera inanyanyuliwa alijivuta nyuma. “Nisije nikakuharibia,” alisema. Basi akazidi kuzama ukunguni.

– Na sisi je, hakuna aliyempiga hata kwa simu? – Shangazi aliuliza.

– Nani atoe simu mbele ya kamera ile? – alisema Injini. – Ni kuwasha kibiriti mbele ya taa za uwanja wa mpira.

– Nyumbani iko moja tu, ya kitambulisho, – alisema Subiri. – Ana miaka ishirini na mbili, na amemkasirikia mpigaji.

Profesa aliweka kikombe chini, ishara kwamba elimu inakuja.

– Tatizo naliona mimi. Wewe mwenyewe ulituambia, kamera za zamani zina kioo ndani, hii yako haina. Sasa sura ya mtu itakaa wapi kama si kwenye kioo? Mimi nina vioo vinne humo ndani na sijamsahau mteja hata mmoja.

– Juzi ulisahau upande wangu wa kushoto, – alisema Injini.

– Ule ni mtindo.

– Kile kioo kilikuwa cha kumsaidia mpigaji aone tu, kaka Profesa. Sura hakikai nayo.

– Ndivyo walivyokuambia waliokuuzia. Mficha uchi hazai.

– Achaneni na vioo, – alisema Injini. – Ukungu ni ukungu. Miaka thelathini na moja nimeendesha lori. Kioo cha mbele kikipata ukungu, unafutia kwa ndani. Mpelekee fundi wa kompyuta, aifute picha kwa upande wa ndani. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana pakawa na tambara.

– Nimejaribu siku tatu. Kompyuta iliweza kukaza kingo za kofia tu. Nikaipa ile akili ya mashine, ikamtengenezea macho.

– Si ndiyo hayo!

– Si macho yake, Injini. Nilitazamwa na mtu mgeni, mzuri, ana meno yote, kavaa kofia ya Mzee Mizani. Nilimfuta.

Shangazi alimjazia kikombe bila kuulizwa.

– Basi tumtafute kaka yake. Avishwe kofia, akae pale pale.

– Kaka yake mrefu kama nguzo, Shangazi.

– Si unamtia ukungu kidogo?

– Mtu wa mbali wa nini na mimi nipo? – alisema Profesa. – Mimi na Mizani tulifanana masikio. Nageuza uso ukutani, sikio naliachia kamera. Mtoto gani asiyelijua sikio la baba yake?

– Kwa hiyo binti wa watu atundike sebuleni sikio la kinyozi! – alisema Shangazi.

– Mwanzo wa ngoma ni lele.

– Nisikilizeni mimi, – Injini alishusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. – Mwanga unasafiri. Mwanga wa Mizani ulitoka pale mwisho wa benchi, ukakuta kikombe mbele yake, ukapanga foleni. Haujapotea. Uko njiani. Kadi ya kamera ikianikwa juani siku saba, mzee atawasili.

– Kwa lori gani?

Walicheka, Injini kuliko wote. Kisha macho yao yakaufikia mwisho wa ubao, na kicheko kikakatika.

– Aliniomba, – alisema Subiri.

– Nani?

– Mzee Mizani. Aliniomba kabisa, kwa mdomo wake. “Binti, siku moja na mimi nipige, uso mzima, ningali na shingo.” Nikamwambia asubiri. Hii ya hamsini ukimsogelea mtu inamvimbisha pua, na mimi nilikuwa nadunduliza pesa za ile ya themanini na tano, ambayo ndiyo lenzi ya sura. Nikamwambia, mvumilivu hula mbivu, mzee.

– Akasemaje?

– Akasema, mbivu nazo huoza, binti. Akajivuta nyuma.

Injini alikuna goti.

– Hiyo ya sura ilifika lini?

– Siku kumi na nane kabla hajafariki. Mzee ameshaugua, amelala nyumbani, miguu imevimba, mitaa miwili tu kutoka hapa. Niliona nisimwendee na lenzi nisiyoizoea, nisije nikamharibu. Nikaanza mazoezi kwanza.

– Ukampiga nani?

– Paka wa duka la dawa.

Hata Injini, anayecheka mazishini, hakucheka.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano alikuja mwanamke wa miaka arobaini hivi, futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Alimwamkia Shangazi, akawapa wengine mkono, akapokea pole zao akiwa amesimama. Subiri aliinuka. Maneno aliyoyapanga tangu asubuhi yalimponyoka yote.

– Dada, nisamehe. Sina picha yake. Zipo alizomo, lakini hayumo vizuri.

– Nionyeshe hivyo hivyo.

Mwanamke aliipokea kamera kwa mikono miwili. Alibonyeza, akatazama, akabonyeza. Kikombe. Mkono. Spoku. Alipita picha kumi, ishirini, zikafika hamsini, Subiri akihesabu kila mbonyezo. Kisha kidole kikasimama.

Mbele kulikuwa na kijiko, kimeng'aa. Nyuma, lile doa la kahawia lilikuwa limeinama kwa nyuma, kofia imelala upande, na pale penye uso palikuwa na kiza cha duara.

– Hapa anacheka, – alisema.

– Haonekani, dada, ni ukungu tu.

– Mabega yale nayajua. Anacheka. – Aliisogeza kamera karibu na uso. – Tangu mama aondoke, miaka sita, nyumbani hajacheka. Nilijua kicheko kimemwisha. – Akawatazama mmoja mmoja. – Alikuwa anacheka nini?

Subiri aliijua picha hiyo. Ilikuwa tarehe kumi na nne, saa kumi na dakika saba, tundu la lenzi moja nukta nane, sehemu moja ya mia tano ya sekunde, fokasi kwenye shingo ya kijiko. Alimtazama Injini. Injini alimtazama Profesa.

– Si ule utani wako wa trafiki? – alinong'ona Injini.

– Ule ni wa juzi tu. Shangazi?

– Mimi nilikuwa namimina.

Mwanamke alingoja. Alingoja kwa adabu, kama mteja anayeona foleni bado inasogea. Shangazi aliinua birika amjazie kikombe, yakatoka machicha matupu, akalirudisha chini.

– Mlikuwepo wote, lakini?

– Tulikuwepo, – alisema Subiri.

– Basi nisafishie hii, na hicho kijiko chake. – Alimrudishia kamera, akaikunja futi yake kiganjani. – Na mkikumbuka, hata mmoja wenu, cherehani yangu iko nyuma ya posta. Nafungua saa mbili.