Bi Futi na Mlango wa Chumba Namba Saba

Ndugu, jamaa, majirani na wapangaji wenzake, nasimama mbele yenu mimi mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia, kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Futi kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni, na nawaomba radhi mapema, maana aliniagiza nisilainishe hata neno moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Februari 1969, katika nyumba za watumishi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu, fundi wa mabehewa, na mama yetu, mfua nguo. Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1983, kisha akajifunza ushonaji miaka miwili katika chuo cha ufundi, alikotoka na cheti pamoja na ulimi ambao mama alisema utamponza, kumbe ndio uliokuja kumlinda.

Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, mtu mpole asiyejua kugomba hata na kuku, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 6 Desemba 1996, na tarehe 1 Juni 1998 wakahamia chumba namba saba, katika nyumba ya vyumba kumi na viwili, ambako shemeji alifariki mwaka 2005 na dada akabaki na cherehani yake dirishani. Wateja wake mnajua, vipimo hakuandika daftarini, daftari hupotea, alisema, aliandika nyuma ya mlango kwa kalamu ya wino mzito, jina, tarehe, kifua, kiuno.

Mwezi Aprili 2015 mwenye nyumba, aliyetaka kugeuza vyumba kuwa maduka, alimwambia kwa mdomo ahame ndani ya siku tatu, dada akamjibu kwamba notisi huandikwa, haipigwi kelele uani, basi tarehe 13 akaja na seremala, wakang'oa mlango na kuondoka nao. Siku ishirini na moja dada yetu alilala na binti yake nyuma ya shuka lililotundikwa kwa misumari, mvua ikiingia hadi kitandani, akakataa kutoka, kwa kuwa mpangaji akitoka mwenyewe amejifukuza. Kifua kilimwanza hapo, na tunalisema hadharani ili asiyejua ajue.

Dawati la msaada kwa wapangaji, katika ofisi ya kata, lilimwandikia malalamiko, na tarehe 4 Mei shauri likasikilizwa katika baraza la nyumba, ambako mwenye nyumba aliapa kwamba hamjui mwanamke huyu, ni mvamizi wa mwezi uliopita, na mlango ulitolewa kwa sababu ya mchwa, na ili aaminike, jamani, akaubeba mlango wenyewe, akausimamisha mbele ya mwenyekiti. Karani akausoma kwa sauti, miaka karibu kumi na saba ya vipimo, mstari kwa mstari, mpaka akamfikia mwenye nyumba mwenyewe, suti ya kijivu, tarehe 3 Machi 2009, kiuno inchi arobaini na sita, baraza zima likaangua kicheko, na dada yetu, huku akikohoa, akaomba mstari ule urudiwe.

Iliamriwa mlango urudishwe siku ileile, na mkataba uandikwe kwa jina la marehemu na la binti yake. Tangu hapo kila Jumatano alikaa kwenye dawati lile, akiwafundisha wapangaji kudai karatasi.

Kifua hakikupona. Alilazwa tarehe 20 Mei mwaka huu 2024, na Jumanne tarehe 11 Juni, saa nane mchana, mapafu yakamshinda, akiwa na miaka hamsini na mitano. Alhamisi, kabla hatujachimba hata kaburi, mwenye nyumba alimtumia binti ujumbe kwamba mkataba umekufa na mwenyewe, chumba kiwe wazi kesho Jumapili, naye leo amekuja, namwona kiti cha mbele, ameshika kitambaa cha machozi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani mliompikia, mafundi wenzake mliomalizia nguo za wateja, na dawati la wapangaji, ambalo jana lilitusaidia kufungua shauri kwa jina la binti, na wapangaji wa vyumba vyote kumi na kimoja vilivyobaki wametia sahihi kuwa mashahidi. Mwenye nyumba hatumshukuru, wala hatumsamehe, na asije kutupa mkono wa pole.

Dada, pumzika kwa amani. Mwenye nyumba, wewe tuonane barazani keshokutwa Jumatatu, saa tatu asubuhi.