Cornelius Mudenyo Hakuuawa na Uyoga

Mchungaji, wazee wetu mliosafiri kutoka Maragoli, majirani wa hapa Waa, jamaa na marafiki, Bwana asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, assalaam aleikum. Kabla hatujafika mahali alipozaliwa marehemu, familia imetaka jambo moja lisemwe hadharani, kwa sababu tangu Alhamisi ya wiki iliyopita linazungumzwa madukani Ukunda na hata kwenye foleni ya feri, nalo ni kwamba Cornelius Mudenyo hakufa kwa uyoga. Amekufa kwa saratani ya kongosho, daktari aliyemtibu yupo nasi, amekaa kwenye hema la pili, na mwenye shaka amwulize yeye, asimsumbue mjane.

Cornelius alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika kijiji kimoja karibu na Chavakali, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ezekiel Mudenyo na marehemu mama Rodah, na ni mama Rodah aliyemfundisha uyoga, au tuseme alimfundisha uyoga mmoja, ule mweupe unaochomoza penye vichuguu vya mchwa baada ya mvua. Walikwenda pamoja kuuchuma asubuhi na mapema, mama akimwonya kila mara asiukate juu juu, auchimbue polepole mpaka mwisho wa mguu wake mrefu uliozama ardhini, naye mtoto akadhani mama anapenda tu kazi safi. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1980, na walimu wake walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa kufika darasani na magoti yenye matope.

Mwaka 1982 alishuka Mombasa kusomea ufundi wa majokofu, akahitimu mwaka 1984, na Februari 1985 akaajiriwa na hoteli moja ya Diani, ambako kwa miaka kumi na sita alishinda ndani ya vyumba vya barafu, akitoka nje na sweta katika jua lile la Diani mpaka watalii wakamwona kituko na kumpiga picha. Mwaka 2001 alifungua karakana yake Ukunda, akaiendesha mpaka alipougua, na hapa wapo watu wengi wenye friji ambazo bila mkono wake zingekuwa makabati ya viatu.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa takatifu na Nereah Kageha, mwalimu wa watoto wa chekechea, katika kanisa la kwao Nereah huko Maragoli, na Mungu akawajalia watoto wawili, Joan, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1994, na Griffin, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 1998. Mwaka 2003 walihamia hapa Waa, katika kiwanja hiki tulichokusanyika leo, wakawa majirani wa bwana Athmani na mkewe bibi Mwanamkuu, na kama si majirani hao huenda historia hii ingesomwa miaka kumi na mitano iliyopita, kwa sababu ambayo wengi mnaijua nusu nusu, kwa hiyo leo mtaipata nzima.

Tarehe 9 Mei 2009, siku ya Jumamosi, mvua ya masika ikiwa imepiga wiki nzima, marehemu aliitwa kutengeneza jokofu katika nyumba moja ya wageni Diani, na alipotoka kwa mlango wa nyuma akaona juu ya majani yaliyofyekwa duara la uyoga mweupe, mkubwa, wenye kofia pana kama sahani. Alisimama pale na mkoba wake wa zana machozi yakimlengalenga, maana tangu aondoke kwao alikuwa hajauona uyoga wa mama yake, na mama alikuwa ameshafariki. Aliuchuma wote, akauleta nyumbani akiimba, na kwa bahati, nzuri au mbaya mtaamua wenyewe, mama mkwe wake, mama Dinah, alikuwa amefika wiki hiyo kumtembelea bintiye, kwa hiyo marehemu akaona ni Mungu mwenyewe aliyemwandalia mkwewe kitoweo. Nereah, alipokuwa akiuosha, aliuliza ile pete iliyozunguka mguu wa uyoga inatafuta nini pale, kwa kuwa uyoga wa kwao hauna pete ya namna ile, na marehemu akamjibu kwamba huku Diani hata uyoga huoa.

Walikula wote watano, na alasiri haijatimia wote watano walikuwa hoi, wakitapika na kuendesha, na bwana Athmani akawapakia nyuma ya pikapu yake na kuwakimbiza hospitalini Msambweni, na humo safarini ndimo Cornelius na mama Dinah, mtu na mkwewe, ambao kwa desturi yetu hata mkono hawapeani, walimotumia beseni moja kutoka Waa hadi mlango wa hospitali. Wazee wa kwetu mnaonung'unika hapo mbele, familia inawaelewa, lakini beseni lilikuwa hilo hilo moja. Hakuna aliyepoteza maisha, na mama Dinah, ambaye alifariki salama kwa uzee mwaka 2016, alimsamehe mkwewe mapema, ingawa kila alipopigiwa simu alituma salamu kwamba yeye anaendelea na maharagwe.

Nereah ndiye ambaye jambo hilo halikumtoka. Siku waliyoruhusiwa kurudi nyumbani, akiwa amemshika Griffin mkono, alimwambia mumewe kwa sauti ambayo wauguzi waliisikia, "Cornelius, nitakufulia, nitakupikia, nitakuzika, lakini uyoga uliopita mkononi mwako sitautia kinywani," kisha akapanda gari. Hawakugombana tena juu ya jambo hilo, waliendelea kupendana na kutaniana kama kawaida yao, ila neno lile lilimkaa marehemu kooni, kwa kuwa mke aliyekuwa akila chochote atakachompa sasa alikuwa na kitu asichokila kwa sababu yake, na mtu mwingine angeacha uyoga yakaisha, lakini Cornelius aliamua kwamba atajifunza mpaka Nereah ale tena kutoka mkononi mwake.

Alianza kwa bibi Mwanamkuu, ambaye alimwambia, bila kumcheka sana, "Jirani, ule si uyoga wa kwenu, ule ni mgeni kama wewe," akamweleza kwamba Wadigo wana uyoga wao wa kula na mahali pake pa kuchuma, na kwenye bustani za hoteli hawagusi. Wa pili alikuwa bwana Ishak wa duka la dawa Ukunda, kijana mpole mwenye kioo chake cha kukuzia, na hao wawili pamoja na marehemu, kila Jumamosi iliyofuata mvua, wakawa wanaonekana wameinama kwenye mashamba ya Waa, kwenye vichuguu vya njia ya Ramisi na pembezoni mwa msitu wa Gogoni, mahali pengine wakiomba ruhusa kwa wazee kwanza na wakinyimwa hawaingii. Hakuna kati yao aliyesomea kazi hiyo, walijifunza kwa kuangalia, kunusa, kukosea na kuulizana. Walijifunza kuulaza uyoga kofia chini juu ya karatasi nyeupe na kuufunika kwa bakuli hadi kesho yake, ili unga unaodondoka uonyeshe rangi yake, na siku marehemu alipoinua bakuli lililofunika uyoga wa bustani za Diani akakuta unga wa kijani, alikaa chini kwenye kibaraza akasema taratibu kwamba kumbe uyoga ule ulikuwa tayari kujitambulisha, ila yeye hakuuliza.

Desturi yao ilikuwa kwamba uyoga wa kuliwa huwekwa juu ya kawa, kile kifuniko cha ukili cha kufunikia chakula, kila mmoja huuchunguza kimya, kisha aliye mdogo au mgeni katika kazi ndiye huanza kusema, asije akamfuata mkubwa kwa adabu, na ikiwa hata mmoja amesita, uyoga hutupwa bila kujadiliana. Marehemu alitupa mwingi kuliko aliokula, na ule uliopita mtihani huo aliuleta nyumbani, Nereah akaupika vizuri, akawapakulia wageni, akampakulia mumewe, na Cornelius kila mara akaweka sahani moja mbele ya mkewe, naye kila mara akaisogeza upande wa pili wa meza na kujivutia mchicha. Jambo hilo liliendelea mwaka baada ya mwaka, watoto wakakua wakidhani ndivyo meza zote zilivyo.

Watu walianza kumtumia picha za uyoga kwenye simu, na jibu lake kwa wote lilikuwa lile lile, kwamba uyoga hauliwi kwa picha, uletwe na mguu wake mzima. Wengi wa waliokuwa hatarini walikuwa watu kama yeye, wa bara, waliouona uyoga wa huku wakadhani ni wa kwao, na mmoja wao ni Ashley, aliyekuja kutoka Kitale kufanya kazi ya mapokezi hotelini. Aprili 2019 Ashley alimtumia picha ya sufuria ikiwa tayari jikoni, marehemu akaacha friji ya mtu imefunguliwa, akapanda boda boda hadi chumbani kwake na kuimwaga sufuria nzima mbele ya marafiki zake waliokuwa wakingoja ugali. Ashley mwenyewe ameomba isemwe kwamba siku hiyo alimwambia mzee aache ushamba, na kwamba kesho yake asubuhi, alipokiona kijani kwenye karatasi ambayo marehemu alimwachia chini ya uyoga mmoja mbichi uliosalia, alikuja hapa Waa kupiga magoti, akaambiwa asimame, akapewa chai.

Novemba 2023 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, na mjini watu wakaanza kusema waliyosema. Tarehe 18 Januari 2024 alipimwa Mombasa na saratani ikaonekana imeshaenea, akapata matibabu kwa kadiri ilivyowezekana, na Machi akaomba arudishwe nyumbani, akalazwa kwenye chumba cha mbele chenye dirisha linaloelekea shambani. Kuna jambo la mwezi wa Mei ambalo tumeliruka kwa makusudi, litafika mahali pake. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, Nereah akiwa amemshika mkono na Joan akimsomea zaburi, Cornelius alivuta pumzi yake ya mwisho, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ameacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, mafundi wenzake wa Ukunda waliofunga karakana zao wiki hii, wanakwaya, wazee wetu waliokubali alale hapa Waa kama alivyoomba, ijapokuwa waliumia, na bwana Athmani, ambaye pikapu yake, ambayo sasa ni nyingine, ndiyo iliyomleta marehemu leo. Tunawashukuru bibi Mwanamkuu na bwana Ishak, na shukrani yao ndiyo inayotuleta kwenye jambo la Mei, ambalo mama Joan ametupa idhini kulisema.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, hao wawili walikuja kumjulia hali mgonjwa, wakamwambia hawatakwenda Gogoni, kwa kuwa kawa linataka watu watatu. Marehemu aligeukia dirisha. Jumamosi ya tarehe 11 Mei Nereah, ambaye katika maisha yake hajawahi kupenda matope, alivaa buti za mumewe, akachukua kikapu na kuwaambia kwamba wa tatu ni yeye. Kwa kuwa alikuwa mgeni katika kazi ndiye aliyeanza kusema, akautaja uyoga wa mchwa kwa mguu wake, kwa matamvua ya chini ya kofia, kwa harufu yake, na bibi Mwanamkuu anasema hakusita hata kidogo, maana mambo hayo alikuwa ameyasikia mezani kwake kwa miaka kumi na mitano akijifanya hasikilizi. Kesho yake unga ulipodondoka na rangi yake ya waridi iliyopauka, alimpelekea mgonjwa karatasi aione, naye akakataa kuiangalia, akasema watatu wameshahukumu, wa nne ni mbea.

Nereah aliupika, akapakua sahani moja tu. Cornelius wakati huo alikuwa hawezi kumeza zaidi ya maji. Mkewe alikaa kitandani, akamwekea sahani ile kiganjani, na kwa kuwa mkono wa mumewe haukuwa na nguvu ya kuishika akauegemeza kwa chini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akala uyoga kutoka mkononi mwake, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe, huku marehemu akimtazama machozi yakimtiririka. Alipomaliza, Cornelius alimwuliza uyoga umekuwaje, na Nereah akamjibu kwamba chumvi imepungua.

Pumzika kwa amani, Cornelius, mume wa Nereah.