Bwana Ngumbao wa Nyuma ya Shuka

Kisauni, Jumamosi, 26 Novemba 1949. Mhariri amenitaka niandike haya kwa niaba ya wasomaji, nami naahidi kueleza yote, hata habari ya mkono wa kushoto.

Tarehe 31 Desemba, Bwana Ngumbao Jefwa atastaafu baada ya kulitumikia gazeti letu, Ng'ambo Yetu, kwa miaka ishirini na miwili. Ngoma, maigizo ya shule na picha za sinema, kutoka Likoni hadi Changamwe, zote amezifuata na kuziandika katika safu yake, akienda kwa baiskeli isiyo na kengele. Akikaribia watu, hukohoa.

Gari la sinema lilipoanza kuja kwetu, mabwana wakubwa walipewa viti mbele ya shuka jeupe la kuonyeshea picha. Bwana Ngumbao naye aliwekewa kiti, akashukuru, kisha akaenda nyuma. Huko huketi akina mama na watoto, na picha hupenya kitambaa ikaonekana vizuri tu. Alikaa pembeni kwa heshima, karibu na mama yangu, Jumwa, auzaye mahamri. Alisema mbele watu hupiga makofi kwa adabu, nyuma husema kweli.

Nilikuwa mdogo aliponiuliza picha nimeionaje. Nikajibu ni nzuri.

"Hilo hata mbuzi wa mama yako angesema," akaniambia. "Nani alicheka, mwanangu, na alicheka wapi?"

Tangu siku hiyo naangalia nyuso kuliko picha.

Sasa mkono. Mwaka 1946 ilionyeshwa Likoni picha iliyochezwa na watu wetu wa Changamwe. Kijana Mwidani aliigiza mgeni aliyekaribishwa wali. Bwana Ngumbao aliusifu uchezaji wake, ila akaandika kwa masikitiko kwamba alikula kwa mkono wa kushoto mbele ya wenyeji wake. Gazeti likafika Bofu, nyumbani kwa mchumba wa Mwidani. Wazee wa huko wakasimamisha posa.

Bi. Mwanatabu, mama yake Mwidani, akaja ofisini mbio.

"Mwanangu nimemlea kwa mikono hii! Huo wa kushoto umeuona wapi, bwana we?"

Bwana Ngumbao hakubishana. Akamwalika aje aone mwenyewe, picha itakaporudiwa Magongo. Wakaketi nyuma ya shuka, karibu na mama yangu na mahamri yake. Tonge likaenda kinywani.

"Wallahi, ni wa kushoto!" Bi. Mwanatabu akashika kichwa. "Mwidani, umenitenda nini?"

Mama yangu akaangua kicheko. "Zungukeni mbele, jamani! Huku nyuma sote ni mashoto!"

Wakazunguka wakikimbia. Mkono ulikuwa wa kulia. Miaka yote hiyo Bwana Ngumbao hakutambua kwamba nyuma ya shuka kulia huonekana kushoto, maana picha za kigeni zilikuwa za watu walao kwa uma, na nani kwetu anayejali uma umeshikwa kwa mkono upi?

Gazeti lililofuata lilisahihisha kosa kwenye ukurasa wa kwanza. Alilipeleka Bofu yeye mwenyewe, akalisoma barazani mbele ya wazee, akaomba radhi. Harusi ikafanyika. Sinia la pilau lilipowekwa mbele ya Bwana Ngumbao, waalikwa wote walimkodolea macho waone atainua mkono gani.

Wengi walidhani sasa atahamia mbele. Hakuhama. Safu yake tu ndiyo aliyoibadilisha jina, akaiita "Nyuma ya Shuka", na mama yangu husomewa nami kila Ijumaa hadi mwisho.

Asante, Bwana Ngumbao. Upate mapumziko yenye afya na macho mazuri, na mahamri yetu yakufikie yakiwa moto.

Na kwako, Bwana Mhariri. Nasikia nafasi ya safu hiyo itapewa matangazo ya sabuni. Mwaka mpya ukiingia, gari la sinema litakuja Ziwa la Ng'ombe. Mimi nitakuwa nimemaliza shule, na mama ameniruhusu. Naahidi kuzunguka mbele kabla sijaandika habari ya mkono wa mtu. Tafadhali nijibu mara upatapo barua hii: je, niketi mahali pa Bwana Ngumbao?

Dorcas Gona