Kamba ya Akina Hallaton

Benchi letu liko kwenye lango la kanisa la Wexcombe. Chai hutoka kwenye chupa ya Jaji, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kwa kesi ya mbwa wake. Mwenzake ni Kengele, mpiga kengele wetu. Hao wawili ndio wazee wa kanisa, na ndio wanaoamua nani azikwe wapi. Mke wangu Muriel, Mungu ampumzishe, alifariki Jumatatu, na makaburi ya hapa yamejaa. Imebaki sehemu moja chini ya mti mkubwa, imezungushiwa kamba. Ni ya akina Hallaton, waliokuwa mabaroneti, watu wa kuitwa Sir, tangu babu yao alipomwazima mfalme farasi. Cheo hicho hurithiwa na mtoto wa kiume tu. Sir Aubrey aliacha mabinti tu, basi cheo kikafa naye. Niliomba Muriel azikwe hapo.

Jaji: Wilf, tuko pamoja nawe kwenye msiba. Lakini mrithi akitokea, tutamwambia nini?

Mimi: Mrithi yupi?

Jaji: Yuko Kanada. Anafuga ng'ombe.

Kengele: Acha hizo. Yuko Australia, na mwenyewe hajui kama ni Sir.

Jaji: Wewe umejuaje, ikiwa mwenyewe hajui?

Kengele: Haya, Australia iache. Mtazame muuza maziwa wetu. Pua ile ni ya Hallaton halisi.

Jaji: Yule unayemfokea kila asubuhi?

Kengele: Namfokea kwa heshima.

Jaji: Basi nami niseme langu. Sir Aubrey hakufa. Alichoka na wale mabinti, akatoroka.

Mimi: Nilibeba jeneza lake, Jaji. Lilikuwa zito.

Jaji: Mawe, bwana. Mawe nayo ni mazito.

Nikaomba moyoni nisikasirike. Muriel alipanga maua ya kanisa hili maisha yake yote, na sasa alishindwa na muuza maziwa.

Bi Pascoe, aliyehamia kijijini majuzi, alikuwa amesimama na mbwa wake akitusikiliza.

Bi Pascoe: Samahani, hao mabinti wako wapi?

Kengele: Wamezikwa kule ukutani, mama. Nje ya kamba. Hawakuwa na cheo.

Bi Pascoe: Na cheo chenyewe kimekwisha?

Jaji: Kimekwisha kabisa. Kisheria.

Bi Pascoe: Sasa hiyo kamba inamngoja nani?

Jaji akamtazama Kengele. Kengele akautazama mti. Jaji akainamisha chupa juu ya kikombe chake, likatoka tone moja. Mbwa akapiga mwayo.

Mwishowe Kengele akasema, bila kunitazama:

— Wilf, Muriel angependa upande upi? Wa jua, au huu wa langoni?

— Wa langoni, nikasema. Alipenda kuona nani amechelewa ibada.