Miaka Thelathini na Sita, Risiti Thelathini na Saba

Ijumaa hii, tarehe 15 Januari, mkunga wetu mkongwe anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika wodi ileile ya wazazi, yenye mlango uleule wa kijani usiofunguka mpaka usukumwe kwa nyonga. Vitabu vya hospitali vina jina lake kamili. Sisi tunamwita Mama Risiti, na barua yake ya kustaafu nusura iandikwe hivyo.

Metroni ameniagiza mimi, mbeba machela, niandike wasifu huu. Anasema wauguzi watammwagia sifa, na sifa amezichoka. Darasa langu liliishia la sita, lakini machela yangu imepita kila mahali hapa, na kubeba wagonjwa bado hakuna Baraza linalokutoza ada.

Kwa wageni wetu wasiojua: mkunga haruhusiwi kumgusa mzazi bila leseni hai, na leseni huhuishwa kila mwaka kwa kulipa ada kwa Baraza la wauguzi na wakunga. Ikifika 31 Desemba inakufa, hata kama mikono ya mwenyewe ni mizima.

Zamani ada ililipwa dirishani, makao makuu. Mama Risiti alikwenda na kigoda chake, maana foleni ilianza kabla mlango haujafunguliwa. Mhasibu wa dirisha la nne alikuwa akienda kunywa chai anaacha miwani yake mezani, kuonyesha kwamba yupo. Mwaka mmoja ada ilipandishwa ili kuboresha huduma, na tuseme ukweli, huduma iliboreka: miwani ilipata kifuko.

Jina lake alilipata mwaka ambao Baraza lilihamisha majina kutoka madaftarini kwenda kwenye kompyuta. Kompyuta ikameza nusu ya wauguzi wetu, na wote wakaambiwa hawajalipa, wasimame kazi. Mama Risiti alikwenda na kopo la biskuti, akalifungua, akapanga mezani risiti zake zilizofungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. Ofisa akamwambia mashine haikosei. Akamjibu, “Mwanangu, mashine yako ina miezi miwili. Kopo hili lina miaka kumi na tisa.” Jina lake likarudi siku hiyohiyo. Tangu hapo wauguzi wote humkabidhi yeye risiti zao, na kopo limezaa makopo manne.

Wema wake haukuishia wodini. Mwanangu wa tatu aliposhikwa na degedege huko kwetu, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, yeye ndiye aliyeshika simu yangu akamwelekeza mke wangu amlaze vipi na amkimbize zahanati. Mtoto sasa anacheza mpira. Simu ilipokatika kwa kuishiwa salio, Mama Risiti aliongeza kwa fedha yake, kisha akanigombeza kwa kuishi na salio lisilomtosha hata mdudu.

Sasa tuje kwenye mwezi huu. Leseni yake iliisha 31 Desemba, na kazi yake inaisha 15 Januari. Aliliandikia Baraza akiomba kulipia siku kumi na tano. Baraza likamjibu kwamba linathamini sana mchango wake, na kwamba ada ni ya mwaka mzima. Akasema, “Sinunui ng'ombe kwa kikombe kimoja cha maziwa.” Kwa mara ya kwanza hakulipa.

Tangu mwaka mpya alikuja kazini kila asubuhi, mikono mfukoni mwa sweta, asimguse mtu. Katibu wa hospitali alilipigia Baraza simu kuuliza kama anaweza angalau kushauri. Akajibiwa kwamba ushauri nao ni huduma. Basi Mama Risiti akaanza kukunja mashuka na kuyashauri mashuka. “Wewe shuka,” anasema kwa sauti, “ningekuwa mimi ningekugeuza ubavu wa kushoto.” Na mkunga mpya, tunayemwita Kifaranga, anamgeuza mzazi ubavu wa kushoto.

Tarehe 9, saa nne asubuhi, nilimleta kwa machela binti mmoja ambaye Mama Risiti alimzalisha mwenyewe miaka ishirini na mbili iliyopita. Tangu mimba ikiwa changa alikuwa amemwahidi kwamba mtoto huyu atampokea yeye. Daktari alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa. Mtoto alikuwa ametanguliza matako, na Kifaranga uzazi wa namna hiyo aliujua kwa mwanasesere wa chuoni tu. Mashuka yalishauriwa mpaka yakaisha. Binti akaita, “Mama, uko wapi? Si uliniahidi?” Kifaranga akatoa kichwa mlangoni, jasho likimtoka, akasema, “Bibi, mashuka hayatoshi.”

Mama Risiti alitoa simu. Namba yake ya usajili aliijua kwa moyo. Akalipa ada ya mwaka mzima, fedha aliyoiweka kwa ajili ya mabati ya jiko lake. Ujumbe ukaingia, akausoma kwa sauti: malipo yamepokelewa, leseni itakuwa hai baada ya saa arobaini na nane. Akanikabidhi simu, akakunja mikono ya sweta. “Wakinishtaki,” akasema, “wanishtaki nina risiti.” Akausukuma mlango kwa nyonga.

Mimi nilibaki nje. Nilisikia sauti yake ikisema taratibu, taratibu, kisha kilio cha mtoto wa kiume. Kitabuni aliandika jina lake, namba yake ya usajili, na pembeni, pasipo na safu yoyote, namba ya risiti.

Katibu wetu, mtu mkweli kupita kiasi, akaliarifu Baraza. Jibu lilikuja jana. Baraza limempa onyo kwa kutoa huduma kabla ya leseni kuwa hai, na limemshukuru kwa kulipa mwaka mzima.

Metroni amehesabu vitabu: watoto elfu saba mia nne na kumi na wawili. Yule wa tarehe 9 ndiye wa mwisho hapa wodini, na baba yake amekataa katakata kumwita Risiti.

Kuanzia Jumamosi Mama Risiti hana wodi, hana zamu, hana shuka la kushauri. Ana leseni hai mpaka 31 Desemba, na ameapa haitalala bure hata siku moja. Wajawazito wa mtaani kwake wameshaambiana. Jana wawili walikuwa getini wakiuliza nyumba yake ni ipi. Makopo amemwachia Kifaranga. Mabati ya jiko tumeyanunua sisi, yako nyuma ya stoo, na tafadhali asiambiwe kabla ya hotuba.

Asante, Mama Risiti, kwa mikono uliyoitoa mfukoni. Tunakutakia maisha mema, marefu, na yasiyodai kuhuishwa kila Desemba.