Mama Mkwe Mwenye Masharubu Anatuaga

Tarehe 13 Aprili, siku ya kufunga mwaka wetu wa Kibangla, Nirapod Barman anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwa mama mkwe mbaya katika Kundi la Maigizo ya Afya la Dhorola. Ana masharubu na wajukuu wanne, na kaskazini yote ya nchi yetu hakuna mwanamke aliyetukanwa kama yeye.

Aliajiriwa apige ngoma. Hakujua kupiga ngoma. Siku alipoondolewa huko, mwigizaji wa mama mkwe alikuwa mgonjwa, basi Kaka Nirapod akavikwa wigi na sari nyeupe, akafunika masharubu kwa upindo, na watu wakaanza kumzomea kabla hajafungua mdomo. Kazi ikawa yake. Tangu hapo amewanyima wakwe zake wa jukwaani kliniki, mkunga, chanjo, hata yai la kuchemsha. Nyumbani kwake ndiye anayempikia mkewe chai.

Muuza samaki mmoja alikataa kumuuzia hata dagaa, akamwambia akale roho yake mbaya. Kaka Nirapod alirudi kambini akicheka kama aliyepewa nishani. Sisi tuliokula dengu tupu hatukucheka sana. Na tuseme ukweli: anakoroma, na sanduku lake la sari ni zito kuliko mianzi yote ya jukwaa.

Lakini tulikuwepo kijijini Shialmari, alasiri ile ya mchezo wa kuhara. Katika mchezo, mtoto anaharisha, mama mkwe anakataza asipewe maji, kisha nesi anaingia kuwafundisha kumnywesha maji ya chumvi na sukari. Nesi wetu, Shefali, alikuwa amekwama matopeni na baiskeli yake. Ikabidi Kaka Nirapod aendelee kukataza. Akauficha mtungi ndani ya sari. Akaukalia. Wanawake walimtukana mpaka sauti zikawakauka.

Mmoja tu alimshangilia, Bibi Jobeda, aliyeketi mbele kabisa.

"Usimpe, dada," alisema. "Mtoto wa kuhara hapewi maji. Wangu nimemnyima maji tangu jana."

Majirani wakageuka kumtazama. Kumbe mjukuu wake alikuwa nyumbani, mgonjwa kweli, na mkwewe amekatazwa kumpa hata tone.

Kaka Nirapod aliinuka kutoka kwenye mtungi, akaja kuketi ukingoni mwa jukwaa, karibu na yule bibi. Maneno yale hayakuwa kwenye mchezo.

"Dada yangu, na mimi nilikataza hivyohivyo," alisema kwa sauti ileile ya mama mkwe. "Wangu sasa halii tena. Wako bado analia?"

Bibi Jobeda alifikiri. "Asubuhi alikuwa analia," akasema, akasimama.

Walitoka mbio pamoja, yeye na yule mama mkwe, wigi likabaki kwenye tope na kijiji kizima kikiwa nyuma yao. Jirani mmoja alileta sukari guru, mwingine chumvi, maji yaliyochemshwa yakapatikana nyumba ya pili. Mkwe wa Bibi Jobeda alikoroga akamnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko, huku Kaka Nirapod, kipara nje, akiwazuia watu mlangoni na kumbembeleza Bibi Jobeda asilie. Shefali alifika akakuta jukwaa tupu. Jua lilipokuwa linashuka, mtoto aliangua kilio kikali, na umati uliokuwa uani ukapiga makofi. Katika miaka yetu yote hatujashangiliwa namna ile.

Bibi Jobeda atakuwepo kwenye sherehe. Ameshaambiwa mara nyingi kwamba Kaka Nirapod ni mwanamume, amekubali, na bado anamwita dada. Ametuma salamu kwamba kiti cha pembeni yake kisikaliwe na mtu.

Kaka Nirapod, asante kwa kukubali kuchukiwa kwa niaba yetu. Tunakuombea afya, usingizi mnono na mke asiyechoka na chai yako. Nenda kaketi na dada yako.