Fundi Felisian, Aliyetoa Kabla ya Kuweka

Baada ya miaka thelathini na moja ya kutusubirisha, Fundi Felisian Marselino anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alikuja Kituo chetu cha Maziwa hapa Pito, mahali ambapo mwezi Juni watu huvaa makoti mawili, akaambiwa kazi yake ni kuhakikisha maziwa hayapati joto. Aliipokea bila kucheka.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Tangi likigoma kupoza, alitafuta panapovuja, akaziba, kisha akaunganisha pampu inyonye hewa na unyevu wote uliomo kwenye mabomba. Halafu alizima pampu, akafunga koki, akakaa juu ya ndoo kuitazama geji ya presha. Mshale ukipanda hata kidogo, ishara kwamba bado panavuja au pana unyevu, alianza upya. Gesi ilikuja mwisho kabisa, wafugaji wakiwa wameshaulizana habari za ukoo mzima.

Meneja wetu, Bwana Urbano, ni mtu wa vitendo. Siku moja alikuta pampu inanguruma na mshale uko chini ya sifuri, akaamua kwamba gesi yetu inaibwa mchana kweupe. Akachomoa waya. Felisian alimwamkia vizuri tu, akachomeka waya, akarudia kazi tangu mwanzo.

Ndipo ikaja ile Wiki Kuu. Tangi liligoma likiwa limejaa, na Bwana Urbano, kwa upendo mkubwa, akampa Felisian mapumziko ya Pasaka mapema, akaleta fundi mwepesi kutoka mjini. Huyo alijaza gesi juu ya hewa ileile tukiwa bado tunamtafutia kiti. Tulimpigia makofi. Tangi lilipoa hadi jioni, kisha unyevu uliobaki ndani ukaganda kwenye tundu linalopitisha gesi, na asubuhi tulikuwa na mtindi wa kutosha Pito nzima.

Maziwa mengi yalikuwa ya Mama Kabula, aliyeyategemea kumrudisha mwanawe shuleni. Hakugomba. Alisimama getini akasema, "Safari nyingine mwacheni Felisian atucheleweshe," akaondoka na madumu matupu. Ilituuma, na bado inatuuma.

Tangu hapo kuchelewa ni sera ya kituo, na Bwana Urbano huieleza kwa wageni kana kwamba aliibuni yeye.

Felisian anamwachia pampu Rozina, aliyemfundisha mwenyewe. Hakuwa na wasiwasi na mikono ya Rozina. Alichoogopa, na alitwambia wazi, ni siku ambayo wakubwa watakuwa na haraka na yeye hayupo. Je, binti atakubali kusukumwa?

Jana friji ya kantini ilikufa ikiwa na vinywaji vya sherehe hii. Bwana Urbano alimsihi Rozina aweke gesi tu, hata kidogo, kwa heshima ya mstaafu. Rozina alimwambia, "Shikamoo bosi," akavuta ndoo, akakaa. Felisian alikuwa anapita. Alitazama mara moja, akaenda zake nyumbani, na wanaomfahamu wanaapa kwamba alicheka.

Mzee wetu, asante kwa kila saa uliyotupotezea. Nenda shambani kwako Kasense ukalime ulezi wako. Tunakuombea afya, amani na uzee usiovuja popote.

Wageni waalikwa, soda ni za moto. Mshale ulipanda kidogo, na Rozina ameanza upya.